Kanga wa Mbau na asubuhi inayoanza jioni

Asubuhi njema ya kuwinda ndege huanza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Jua likishuka, kanga wa msituni huacha kupekua majani yaliyooza, hukusanyika chini ya mti walioukubali, kisha hupanda mmoja baada ya mwingine kwa kishindo cha mabawa kinachosikika mbali. Huko juu hugombania nafasi kwa kelele hadi giza liingie. Mwindaji aliyetulia pembezoni mwa shamba lake la kakao huhesabu vishindo, hupima upande zinakotoka kelele, halafu hurudi nyumbani kula na kulala. Hana haja ya kuwaona. Ameshajua alfajiri atasimama wapi.

Nimeanza na masikio kwa sababu watu wengi wakisikia uwindaji huwaza bunduki. Katika msitu wa Mbau, ambako jicho halifiki hatua thelathini mbele, bunduki ni ya mwisho kabisa. Kinacholeta nyama nyumbani ni kusikia, kuelewa ulichosikia, na kuvumilia. Elimu hiyo ilirithishwa kwa miguu, mkubwa mbele na mdogo nyuma, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa njia ya kuirithisha imezibwa na vita. Hili linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Mbau ni senta ndogo ya Kivu Kaskazini, nchini Kongo, iliyo kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji wa Beni. Anayetoka mji wa Butembo huacha nyuma baridi ya vilima na safu za mikaratusi, hushuka hadi kwenye joto la Beni, penye michikichi na kakao, na akifika Mbau hukuta njia panda. Barabara Kuu ya Taifa namba 4 inaendelea kaskazini kwenda Oicha, Eringeti na mkoa wa Ituri. Nyingine inakata mashariki kuelekea Kamango na mpaka wa Uganda, ikipita katika sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kuvuka mto Semliki. Upande wa magharibi, nyuma ya mashamba, unaanza msitu unaoungana na ule mkubwa wa Ituri. Hapa wanaishi Wanande, Wambuba, Wapakombe, na Wambuti ambao msitu huu umekuwa makao yao tangu enzi na enzi.

Kanga wanaofahamika zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni wale wa nyika, wenye pembe ya mfupa utosini, wanaokimbia makundi kwa makundi mbugani. Tunao pia, katika tambarare za nyasi za Virunga. Kanga wa Mbau ni mwingine. Utosini ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojikunja, uso hauna manyoya na ngozi yake ni ya buluu iliyofifia, kooni ana wekundu, na mwili wake mweusi umejaa vitone vyeupe vinavyoelekea samawati akipigwa na mwanga. Uzito wake ni kilo moja na ushee. Ndege wa namna hii anavyong'aa mkononi, mtu hushangaa ilikuwaje dakika moja kabla hakuonekana, ingawa alikuwa hatua kumi tu mbele yake. Chini ya msitu mwanga huanguka vitone vitone, na kanga akisimama katikati ya vitone hivyo hupotea.

Ana tabia moja ambayo wawindaji huitegemea sana: hufuata kima. Kima ni mlaji wa fujo. Huchuma tunda, huling'ata mara moja, hulitupa na kurukia jingine. Kanga hupita chini wakiokota makombo. Kwa hiyo mtu akisikia kima wanatikisa matawi na matunda yanadondoka, hasimami kutazama juu. Hutega sikio kusikiliza kama kuna mchakuro kwenye majani makavu. Mchakuro wa kanga ni wa haraka na hukatika: wanachakura, wananyamaza wote kwa pamoja, wanasikiliza, wanachakura tena. Kwale huchakura peke yake au wawili, taratibu. Mboloko, yule swala mdogo wa msituni, hachakuri, hukanyaga. Mtoto aliyekua Mbau kabla ya vita alijua kutofautisha haya kabla hajajua kuandika jina lake.

Nchini Marekani kuna ndege ambaye uwindaji wake unafanana na huu kiasi kwamba mwindaji wa Mbau angeuelewa bila mkalimani. Ni bata mzinga wa porini, baba wa yule anayefugwa. Naye hulala mtini, naye hutafutwa jioni kwa masikio ili awahiwe alfajiri. Msimu wake mashuhuri ni majira ya kuchipua, takriban kati ya Machi na Mei. Dume hulia angali mtini, akiita majike. Mwindaji hukaa chini ameegemea shina, amevaa nguo za rangi ya majani, na kwa kifaa cha mbao au kwa mdomo wake huiga sauti ya jike. Dume akidanganyika hushuka na kuja akiwa amefura, mkia ameutandaza. Anaweza kufika kilo kumi. Majike huachwa. Dume mmoja hupanda majike wengi, na akiondolewa baada ya kupanda, mayai yanaatamiwa na vifaranga wanatoka vilevile.

Utaratibu huo ni mzuri kwao. Ukiuleta Mbau kama ulivyo, utaangamiza kizazi. Kanga dume na jike hawatofautiani kwa macho. Hata mwenye uzoefu humgeuza ndege aliyekufa mara mbili kabla ya kusema. Isitoshe, kanga huishi wawili wawili wakati wa kuzaa. Mvua zikishika, kundi kubwa huvunjika, kila dume na jike wake huenda kivyao, jike hutaga chini katika kishimo kilichofichwa na majani. Ukiua mmoja katika miezi hiyo, umevunja nyumba nzima. Ndiyo maana asubuhi njema ya kanga huku kwetu haiji na mvua za Machi, wakati Wamarekani wanasafisha bunduki zao. Huja mvua zinapopungua, Januari na Februari, au Juni na Julai, wakati makundi yamekusanyika tena, vifaranga wamekua, na majani yaliyokauka yanatoa sauti.

Nilikuwa kijana nilipoanza kumfuata mjomba wangu kwenye asubuhi za namna hiyo. Yeye alikuwa na shamba magharibi ya senta, kakao na ndizi, na bunduki ya mtutu mmoja, kalibri 12. Lakini mwindaji hasa hakuwa yeye. Alikuwa mzee mmoja wa Kimbuti ambaye familia yake na yetu zilikuwa zinajuana tangu kwa babu: ndizi, muhogo na tumbaku vinatoka kwetu, nyama na asali vinatoka kwao. Mjomba alimwita mkubwa, na kweli alimheshimu kama kaka yake mkubwa. Tulipofika msituni, mjomba aliyezoea kutoa amri shambani hakutoa amri yoyote. Alitembea wa pili.

Hatukuwasha tochi. Mzee alitangulia bila viatu, nyuma yake mbwa wake, mmoja wa wale mbwa wadogo wa msituni, masikio wima na mkia umejikunja mgongoni, ambao hawabweki. Kwa kuwa habweki, huvishwa shingoni kengele ya mti, ili akimfukuza mnyama mwenyewe ajue yuko wapi. Wakati wa kunyatia, kengele hiyo huzibwa kwa majani ili isigonge. Nakumbuka vidole vya mzee vikiyasukuma majani yale ndani, moja baada ya jingine, gizani, bila haraka, na mbwa amesimama kimya kama anayefungwa kitambaa na mama yake.

Tulisimama penye gogo. Mzee aliweka kiganja chake kifuani kwangu, maana yake hata nisipumue kwa nguvu. Umande ulidondoka. Hondohondo walipita juu, mabawa yao yakivuma. Kukaanza kupambazuka kwa rangi ya majivu, na ndipo kanga wa kwanza akatoa sauti, kavu na fupi, mithili ya mtu anayekwaruza kibuyu. Akajibiwa. Punde mti mzima ukawa unasema. Kisha wakaanza kushuka: kishindo, kimya, kishindo. Nilitamani mjomba apige pale pale, maana ndege walikuwa karibu. Hakuna aliyepiga. Ndege wanaposhuka huwa macho sana, na juu ya hayo mzee alikuwa na msimamo kwamba mti wa kulala haupigwi risasi. Kundi lililopigwa mahali linapolala huhama, na huwezi kujua limehamia wapi.

Waliposogea kutafuta chakula, mzee alichomoa majani kwenye kengele na kumwachia mbwa. Kengele ikagonga kwa kasi ndani ya kichaka, kanga wakalipuka kila upande, wengine wakapanda matawini na kumzomea mbwa. Kundi likatawanyika. Mbwa akaitwa, kengele ikazibwa. Tukakaa chini. Hapo ndipo ilipo kazi. Ndege wa kundi hawezi kuvumilia upweke. Baada ya muda huanza kuwaita wenzake. Mzee alisubiri mpaka alipoita wa kwanza, upande wa kijito, ndipo akakunja viganja vyake mdomoni na kumjibu. Sauti haikutoka kama ya mtu anayeiga. Ilitoka kama ya ndege mwenye hofu kidogo na furaha kidogo, anayesema niko hapa. Akajibu mwingine nyuma yetu. Mzee akapunguza sauti, akageuza kichwa pembeni, ili aonekane yuko mbali kuliko alivyokuwa. Wakaja kwa miguu, shingo mbele, wakisimama na kuendelea.

Mjomba alipiga risasi moja wakati wawili wamesimama sambamba, na wote wawili wakaanguka. Alikuwa na katriji nyingine mfukoni, na ndege wengine walikuwa bado wanaitana msituni, wamechanganyikiwa, rahisi kuwapata. Mzee alikuwa ameshainuka. Akachuma majani mapana ya mangongo, akawafunga ndege kila mmoja peke yake, mmoja akampa mjomba na mmoja akabaki naye. Mbwa alipewa utumbo palepale. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa halijapanda sana, watu wanaelekea shambani. Mama mkubwa alimpika kanga yule kwa mawese na pilipili, moto mdogo, kwa muda mrefu kwa sababu nyama yake ni ngumu, na tukamla kwa ndizi zilizopondwa. Nyama ya kanga wa msituni ni nyeusi kuliko ya kuku, ina ladha nzito. Jirani alipelekewa bakuli. Ndege wawili, nyumba tatu.

Hiyo ndiyo ninayoiita asubuhi iliyofanikiwa. Idadi ya ndege haikuwa kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu hizo alizijua mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu.

Wataalamu wenyewe walikuja zamani, na wakaondoka na sifa. Mwaka 1900 Harry Johnston, mwakilishi maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alivuka kuja upande huu akiwarudisha makwao Wambuti waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja ili wakaonyeshwe kwenye maonyesho ya Paris. Njiani aliwauliza juu ya mnyama wa ajabu aliyesikia habari zake, na wakamweleza. Katika Ngome ya Mbeni, katika eneo hilihili la Beni, alipata vipande vya ngozi yenye milia vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda. Mwaka uliofuata, 1901, ofisa Mswidi aliyeitwa Karl Eriksson alimpelekea ngozi nzima na mafuvu. Ndivyo dunia ilivyomjua okapi, na jina la kisayansi la mnyama huyo hadi leo linabeba la Johnston. Majina ya Wambuti waliomweleza hayakuandikwa popote ninapopajua.

Kisa cha pili ni cha ndege, na kwangu ndicho kizuri zaidi. Mwaka 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, kijana Mmarekani aitwaye James Chapin, aliyekuwa katika msafara wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la New York, aliona unyoya mmoja katika kofia ya mwenyeji. Alikuwa anawajua ndege wa Kongo, lakini huo hakuutambua. Akauhifadhi. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels, akaona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamebandikwa karatasi inayosema ni tausi wachanga wa India. Manyoya yao yalilingana na ule wake. Akamtangaza tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ndege mkubwa aliyekuwa hajulikani kwa sayansi kabisa, na jamaa wa tausi ambao hadi wakati huo walidhaniwa kuwa wa Asia peke yake. Mwaka 1937 alirudi katika misitu ya Kongo, na wawindaji wa huko wakamletea na kumwonyesha ndege huyo. Wao hawakuwahi kuwa na shaka kama yupo. Walikuwa wanamsikia usiku, wakimla, na wakivaa manyoya yake.

Ninapovitafakari visa hivi viwili, sioni sababu ya kuamini kwamba msitu umeshamaliza kusema yote. Naona tu kwamba kila mara ulipofunguka kwa mgeni, aliyemfungulia mlango alikuwa mtu wa kusikiliza, mwenyeji, aliyejua mnyama yule analala wapi na anaitwaje.

Leo mtu huyo hawezi kuingia. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamelitesa eneo la Beni. Katika miezi mitatu tu ya mwisho wa mwaka huo zaidi ya watu 200 waliuawa, wengi kwa mapanga na mashoka, na wengi wa wanaouawa tangu hapo wameuawa mashambani au njiani kutoka shamba. Kundi la waasi linalotajwa zaidi ni ADF, lililoanzia Uganda katika miaka ya 1990 na kujichimbia katika misitu hii. Mbau, Eringeti na Kamango zikaunganishwa na watu kwa jina moja la kutisha, pembetatu ya mauti. Wasomaji wa Tanzania wana kumbukumbu yao hapo: tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilishambuliwa, na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Mwezi Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo jeshi la Uganda likaingia kushirikiana na la Kongo. Mauaji hayakukoma.

Katikati ya hayo ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, magharibi ya mji wa Beni, ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Nyama ya porini yote ikatazamwa kwa hofu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa popo, nyani na swala wanaookotwa wamekufa. Ndege hawahesabiwi miongoni mwa wabebaji wa ugonjwa huo. Lakini mama anayenunua sokoni hakuwa na nafasi ya kuchambua, na mwenye kanga kwenye kikapu alinyanyapaliwa sawa na mwenye nyani.

Mlio mmoja wa bunduki alfajiri, ambao zamani ulimfanya mtu wa Mbau aseme kwamba fulani amepata mboga, sasa unawaamsha watoto wakakimbilia mvunguni. Mtu mwenye bunduki ya kuwindia anaweza kushukiwa na askari kuwa ni muasi, nao waasi wakamshuku kuwa ni mpelelezi. Mzee wa kusimama gizani saa nzima bila kutikisika, akisikiliza, leo ni mtu aliyejipeleka kuuawa. Wambuti wengi wamelazimika kuuacha msitu na kukaa kambini na pembezoni mwa senta, Oicha, Mbau, Beni na kwingine, wakifanya vibarua mashambani mwa watu. Waswahili walishasema kwamba kanga hazai ugenini. Mtoto wa Kimbuti anayekua chini ya turubai kando ya lami anajifunza mengi, lakini sauti ya kanga anayeitafuta familia yake hajifunzi, kwa kuwa hakuna kanga anayelia hapo na hakuna babu atakayemwekea kiganja kifuani.

Kuna wanaodhani kwamba watu wakitoka msituni wanyama hupumzika. Sikubaliani nao, angalau si kwa hapa. Nyama bado inatakiwa, na anayeogopa kukaa msituni huchagua njia isiyomlazimu kukaa: hutega na kuondoka. Mtego wa waya wa breki ya baiskeli haujui Januari wala Aprili. Hushika jike aliye njiani kwenda kwenye mayai yake sawasawa na dume mzee. Mwenye mtego akisikia risasi akakimbilia Butembo, mtego unabaki ukifanya kazi bila yeye. Kanga ananing'inia hadi anaoza, na wiki ijayo anashikwa mwingine. Mzee tuliyemfuata alikuwa na uwezo wa kuacha. Aliacha mti wa kulala, aliacha miezi ya mvua, aliacha ndege waliobaki wakiitana. Mtego hauna uwezo huo. Vita imemwondoa mwindaji wa masikio na kuacha uwindaji usiosikiliza.

Sheria tunayo. Sheria ya uwindaji ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali na inatambua vipindi vya kufungua na kufunga uwindaji. Ndani ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo mipaka yake inafika jirani kabisa na Mbau, kuwinda ni marufuku kabisa. Sina ugomvi na sheria hizo. Ninachosema ni kwamba vipindi vya kufunga vingeeleweka na kuheshimiwa zaidi kama vingefuata kalenda ya kanga mwenyewe, ile aliyoijua mzee, na kama mtego wa waya ungepigwa vita kwa ukali zaidi kuliko yule mwenye katriji moja mfukoni.

Wamarekani wana somo la kutupa hapa, nalo si lile la kuua madume na kuacha majike. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa porini alikuwa karibu kwisha kwao. Mwaka 1937, mwaka uleule Chapin alipokuwa akimtafuta tausi wetu, walipitisha sheria ya kuelekeza ushuru wa bunduki na risasi za kuwindia kwenye kurudisha wanyama. Fedha za wawindaji zikalipia wataalamu, misitu, na nyavu kubwa za kurushwa kwa baruti zilizonasa ndege wakiwa hai ili wahamishiwe pale walipokuwa wametoweka. Baada ya miongo kadhaa bata mzinga wakarudi kuhesabiwa kwa mamilioni. Walioanza kudai uangalizi huo walikuwa ni watu waliopenda kusikia dume analia alfajiri na wakaona kimya kinatanda. Sisi hatuna fedha hizo, na amani ya kuyafanya hayo hatuna. Tuna watu wanaokumbuka.

Basi ningependa jambo moja lifanyike sasa, wala lisingoje vita viishe. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye wanafunzi wa kilimo na mazingira ambao karibu kila mmoja ana simu ya kurekodi sauti. Radio Moto inasikika Butembo na Beni, na inajua kuzungumza na wakulima kwa Kiswahili na Kinande. Wazee wa Kimbuti, wa Kimbuba na wa Kipakombe waliowinda kabla ya 2014 wako kwenye kambi na senta zetu, wengine mwendo wa pikipiki tu kutoka chuoni. Wafuatwe huko waliko, kwa adabu, kwa malipo ya haki kama anavyolipwa mtaalamu yeyote, na kwa majina yao kuandikwa safari hii, kwa ridhaa yao. Waombwe kuita: mwito wa kukusanya kundi, mwito wa hofu, mwito wa jike mwenye vifaranga, kisha kwale, kisha mboloko anayeitwa kwa kubana pua. Waulizwe kila mwito ni wa mwezi gani na haupaswi kutumiwa mwezi gani, kwa maana hilo la pili ndilo litakalopotea kwanza. Wajukuu wao wawepo wakati wa kurekodi, wasiachwe nje ya turubai, nao wajaribu kuita papo hapo mbele ya babu, wasahihishwe mpaka watoe sauti inayomridhisha.